Suti Iliyorudi Bila Jasho

Baruapepe ilipokuja haikusema ndiyo wala hapana. Ilitaka saini ya Dobi.

Miezi minne nyumba ile ilikuwa imesubiri jibu la chuo cha filamu. Binti wa Dobi, ambaye mtaa mzima ulimwita Jicho kwa kuwa tangu utotoni hakubanduka kwenye kamera, aliomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili huko ng'ambo, katika chuo kinachochukua wanafunzi kumi na wawili tu kwa mwaka na kuwagharimia kila kitu. Kwa wakati ule riziki yake ilikuwa kuhariri video za harusi katika studio moja ya mjini, kazi ya kuwapunguza mashangazi wanaolia na kuwaongeza maharusi wanaocheka. Simu yake ikilia nyumbani, mama yake huacha alichoshika. Safari moja aliachia shuka mbichi likaangukia matopeni, naye akalifua upya bila kunung'unika, ingawa aliyepiga simu alikuwa mtu wa kuuliza bei ya albamu tu.

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara naye alikuwa amejipa zamu ya kuuliza. Kila asubuhi Jicho akipita, yeye humwambia, "Wamesema?" Jicho humjibu bado. "Basi wanalitia soli hilo jibu," husema fundi, na kurudi kwenye kiatu chake.

Jumatatu ile barua ikaja. Ilimpongeza Jicho kwa kuingia katika ishirini wa mwisho. Ilisema walimu saba wameitazama filamu yake ya dakika kumi na mbili, inayomhusu baba yake na duka lake la udobi, na wameipenda. Lakini filamu za watakaochaguliwa huonyeshwa ukumbini mbele ya watu, kisha huwekwa kwenye tovuti ya chuo ili yeyote apate kuzitazama. Kwa hiyo, kabla kamati haijakaa, mwombaji alete ridhaa iliyotiwa saini na mtu ambaye filamu inamhusu. Filamu isibadilishwe hata kidogo. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana, na asiyeileta, jalada lake litafungwa.

Mwingine angekimbilia dukani kwa baba yake na kalamu mkononi. Jicho alipitia mlango wa nyuma, akaenda uani kwa mama yake.

Mama alikuwa akikamua mashuka ya nyumba ya wageni. Jicho akashika ncha ya pili, wakawa wanasokota, kila mmoja kwa upande wake, na maji yanawachuruzikia miguuni. Ndipo akasema yote. Kwamba siku ya mahafali yake ya shahada ya kwanza, miaka miwili nyuma, aliacha kamera juu ya rafu ya wanga ikiwa inarekodi, akaenda kusukwa. Kwamba alipoitazama baadaye wiki ile, alimkuta humo baba yake, peke yake dukani alfajiri, akiwa amevaa suti ya mteja. Kwamba dakika hiyo aliificha miaka miwili, na mwaka huu akaitia mwishoni mwa filamu bila kumwambia mtu.

Mama hakuachia shuka.

"Suti ya Wakili," alisema.

"Mama, ulijua?"

"Nani alishikiza miguu ya suruali? Wakili ni mrefu, baba yako ni huyo unayemwona. Nilishikiza usiku na kufumua kesho yake." Akasokota tena, kwa nguvu zaidi. "Uliambiwa ameazimwa na rafiki. Sasa umekwenda kumwonyesha nani?"

"Walimu saba."

"Na Ijumaa unataka dunia nzima."

Mama akakumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba karatasi zote za shule tangu darasa la kwanza zilikuwa na saini ya Dobi na hakuna hata moja aliyoiweka Dobi mwenyewe. Zote aliziweka yeye, kwa kuwa mwenzake alikuwa na mikono ya wanga. Angeweza kuiweka na hii. Walitazamana juu ya shuka lile lililokwisha kukauka kwa kusokotwa. Kisha Mama akatikisa kichwa, kana kwamba aliyesema ni mtu mwingine, akamwambia bintiye aende akamwonyeshe baba yake. Wakati wa chakula, duka likifungwa.

Sasa ni lazima ijulikane Dobi alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo suti hii itaonekana kitu kidogo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu iliyofunikwa blanketi, pasi mbili, na kamba zilizopita juu toka ukuta hadi ukuta. Nguo hazikuwa na karatasi ya jina. Kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi, iliyoshonwa ndani ya kola mahali pasipoonekana: mwalimu wa hesabu msalaba wa kijani, mke wa mhasibu nukta tatu za njano, Wakili mistari miwili myekundu na nukta ya buluu. Dobi alijua alama mia mbili na kumi kwa kichwa, na katika miaka ishirini na sita hakuna nguo iliyokwenda nyumba isiyo yake. Nguo za nyumbani kwake ndizo pekee zisizo na alama. Nguo isiyotoka, alikuwa akisema, haina haja ya kuambiwa irudi wapi.

Na madobi, kila mtu anajua wanavyosemwa. Ukimwona dobi harusini amependeza, usimsifu, mwulize jina la mwenye shati. Dobi huyu utani huo ulimchoma tangu ujana wake. Ndiyo maana juu ya kioo chake, kile chenye ufa, alitundika ubao alioupaka rangi mwenyewe kwa herufi kubwa: NGUO YAKO HAIVALIWI HAPA. Wateja walikuja kwa ajili ya ubao ule. Wakili mwenyewe alimwacha dobi wake wa zamani akaja hapa kwa sababu ya ubao ule, akalisema hilo mbele ya watu.

Jicho aliifungua filamu kwenye tarakilishi yake ndogo, akaiweka juu ya meza ya pasi, baba yake akakaa kwenye kigoda na bakuli lake la chakula mapajani. Mwanzoni Dobi alifurahi, akasahau kula. Alijiona akinyunyiza maji kwa vidole, akijaribu joto la pasi karibu na shavu, akishona alama bila kutazama sindano. Alisema mgongo wake umepinda na hakuna aliyemwambia. Alicheka alipomwona fundi viatu akipunga mkono nyuma ya dirisha kama mgombea wa uchaguzi.

Kisha ikaja dakika ya mwisho. Duka lilikuwa na mwanga wa alfajiri. Mtu mfupi aliyevaa suti ya kijivu iliyomzidi mabega alisimama mbele ya kioo chenye ufa, chini ya ubao, akainyoosha mikono, akaikunja, akakohoa.

"Mimi ndiye baba yake," alikiambia kioo.

Akajaribu tena kwa sauti nzito zaidi. Akajaribu akitoa mkono wa kusalimia. "Mimi ndiye baba yake, mwalimu. Nashukuru." Akafuta paji la uso kwa leso, akachunga leso isiguse kola. Akajaribu mara ya nne bila kutoa mkono, na safari hii sauti ikakatika katikati. Filamu ikaishia hapo.

Dobi aliweka bakuli chini. Alikwenda kwenye pasi, akaitazama kama imesimama sawa, nayo ilikuwa imesimama sawa.

"Umejua miaka miwili," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Kila asubuhi unapita chini ya ubao huu, unaniambia shikamoo, na unajua."

"Sikuona kosa, Baba. Niliona..." Jicho alitafuta neno akalikosa. "Niliona unavyonipenda. Nikataka watu waone."

"Wewe umeona mapenzi. Mwenye suti ataona mwizi. Wote wawili mtakuwa na macho mazima." Alisema hivyo bila ukali, na kwa Jicho ukali ungekuwa nafuu. Kisha akaongeza, "Sauti yangu kumbe ni nyembamba hivyo."

Jicho alimwambia basi, ataiandikia kamati kwamba amejitoa. Alimaanisha. Alikuwa ameshaanza kuifunga tarakilishi. Dobi akamzuia kwa kiganja.

"Nani amekwambia ujitoe? Nasema sitaweka saini mpaka mwenye nguo asikie kwangu. Asije akaambiwa na tovuti." Akatazama kamba ya mwisho karibu na ukuta, palipokuwa na suti ya kijivu ndani ya mfuko wake. "Ameniachia tangu wiki jana. Yuko safarini na kesi. Atakuja Alhamisi."

*

Jumanne na Jumatano zilipita polepole. Dobi alifanya kazi kama kawaida, ila hakuimba. Usiku wa Jumatano ndipo alipomwambia mkewe jambo ambalo hakuwahi kulitamka, wakiwa wamelala na picha ya mahafali, Dobi na suti ya kijivu, ikiwatazama nyuma ya mlango. Picha hiyo ilitundikwa chumbani miaka yote miwili, eti ukuta wa sebuleni una unyevu.

Alisema suti ile ilikuwa haivaliwi.

Mkewe hakuelewa. Dobi akaeleza. Tangu mahafali, Wakili alikuwa ameileta mara kumi na moja, kila baada ya miezi miwili hivi. Na kila mara Dobi akiifungua aliikuta kama alivyoikunja yeye. Kwapani hakuna jasho, viwiko havina mikunjo, kola haina hata unywele. Mtu anaweza kuidanganya mahakama, alisema, lakini hamdanganyi dobi wake; nguo iliyovaliwa hata saa moja husema.

"Sasa kwa nini ailete?" mkewe aliuliza.

"Hilo ndilo nimejiuliza mara kumi na moja."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Niliipiga pasi."

Mkewe alimwekea mkono kifuani, ukakaa hapo mpaka asubuhi, na hakuna aliyelala vizuri.

*

Wakili alikuja Alhamisi saa kumi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, asiyependa maneno mengi kwa kuwa maneno yake mengi alikuwa akiyauza. Dukani kulikuwa na mke wa mhasibu akingojea mapazia yake. Jicho alikuwa upande wa nyuma, kati ya mashuka yaliyotundikwa. Baba yake alimwomba akae huko, asitoke hata iweje.

Dobi alitamani mke wa mhasibu amalize aende. Mapazia yalikuwa manne. Alipofunga la mwisho mama yule akakumbuka umbea wa jirani yake, akaanza kuusimulia toka mwanzo. Wakili akatazama saa. Dobi akaona asiposema sasa hatasema tena.

"Wakili, kuna jambo. Hii suti yako ya kijivu niliivaa. Siku moja, miaka miwili iliyopita, mahafali ya binti yangu. Asubuhi mpaka alasiri. Nikaisugua kwa brashi, nikaipiga pasi, nikairudisha. Sikukuomba na sikukuambia. Najua ubao wangu unasema nini."

Mke wa mhasibu akaacha umbea wake njiani.

Wakili hakushtuka. Alivaa miwani, akamtazama Dobi kwa muda, akaivua.

"Najua," alisema.

Wakili akasogea mezani.

"Ulisahau ratiba ya mahafali kwenye mfuko wa ndani. Jina la binti yako limepigiwa mstari kwa wino, mara mbili. Niliikuta siku ile ile niliyoichukua."

Kukagua mifuko ni jambo la kwanza analofundishwa dobi, kabla hata ya kuwasha pasi. Katika miaka ishirini na sita Dobi alikuwa amerudisha pete, meno ya bandia na barua za mapenzi, bila kusoma hata moja. Mfuko mmoja alisahau kuukagua, nao ulikuwa mfuko aliouvaa mwenyewe. Alishika ukingo wa meza.

"Ungeniuliza, Wakili."

"Kazi yangu ni kuuliza watu. Nimechoka kuuliza. Nilitaka mtu mmoja aniambie bila kuulizwa." Sauti yake haikupanda. "Nikaileta suti. Nikasema leo ataniambia. Hukusema. Nikaileta tena. Mara kumi na moja, Dobi, nimekuletea suti safi."

"Kila mara niliona haijavaliwa."

"Ukaipiga pasi."

"Nikaipiga pasi."

"Ukachukua hela."

"Nikachukua," alisema Dobi. Masikio yake yalikuwa ya moto kama yamepitiwa pasi. Akaeleza kwa kifupi habari ya filamu, ya chuo, ya karatasi inayotakiwa kesho, na kwamba suti itaonekana na watu wasio na idadi. Hakuomba kitu. Alisema tu asingependa aisikie kwingine.

"Kwa hiyo unaniambia kwa sababu ya karatasi."

Dobi alifikiri. Angeweza kusema hapana. "Bila karatasi nisingeweza," alisema. "Nilikuwa naogopa."

Nyuma ya mashuka Jicho alijiuma mkono.

Wakili aliomba apewe nguo zake zote. Dobi alizishusha moja moja, mashati saba, suruali tatu, joho la mahakamani, akazipanga mezani, na Wakili akahesabu kila moja kwa kidole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Suti hakutaka iwekwe kwenye henga. Aliikunja mkononi kama gazeti.

"Uso ni wako, filamu ni ya binti yako," alisema mlangoni. "Suti ni yangu, lakini suti haiweki saini. Fanya utakavyo."

Akaenda zake. Mke wa mhasibu naye akachukua mapazia yake, akaaga kwa heshima nyingi mno, akavuka barabara moja kwa moja hadi kwa fundi viatu ingawa alikuwa amevaa ndala.

Dobi alipanda juu ya kigoda, akaushusha ubao. Ukutani pakabaki mstatili mweupe, safi kuliko ukuta wote. Kisha akaita, "Jicho, lete hiyo karatasi." Alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, akaweka saini yake. Haikufanana hata kidogo na zile za Mama, na Jicho akawaza kwamba chuo kikidai kulinganisha na karatasi za shule, baba yake ataonekana ndiye mghushi.

*

Karatasi ilikwenda. Kamati ilisema itajibu ndani ya wiki tatu. Sasa nyumba ile ilikuwa na watu wawili wanaongojea, na aliyengojea kwa shida zaidi hakuwa Jicho.

Mtaa ulisema ulichosema. Watu wawili watatu walihamisha nguo zao. Wengine walibaki ila wakaanza kuchungulia kola kabla ya kulipa, na mzaha ukawa mwingi: Dobi, shati langu limekubana? Dobi, kesho nina kikao, usitangulie wewe. Dobi alicheka nao. Fundi viatu, ambaye ilidhaniwa ndiye atakayekuwa na ulimi mrefu kuliko wote, aliacha ghafla kuuliza habari za jibu. Alivuka barabara siku moja na koti lake la zamani, akaliacha mezani bila neno. Halikuwa chafu wala halikuwa na haja ya pasi. Dobi alilipiga pasi hivyo hivyo, akakataa malipo, wakagombana kidogo, mambo yakaisha.

Lakini kulabu ya Wakili, ile ya kamba ya mwisho, ilikaa tupu. Dobi hakuitundikia nguo ya mtu mwingine. Jioni, akifagia, alikuwa akisimama chini yake muda mrefu kuliko ulivyohitaji ufagio. Jicho aliliona hilo, kwani kuona ndiyo kazi yake, na hatia ikamla. Alijisemea kwamba hata chuo kikimchukua ataondoka na nini, barua ya chuo mkono mmoja na jina la baba yake lililochafuka mkono wa pili?

Jambo la ajabu ni kwamba Dobi aliipenda filamu. Alianza kuulizia kidogo kidogo, kama mtu anayeonja. Kwa nini pale kwenye mvuke umekaa muda mrefu? Kwa nini hukuonyesha ninavyokunja shati la mtoto, ni gumu kuliko la mkubwa? Usiku mmoja aliomba kuiona tena yeye na mkewe. Ilipofika dakika ya mwisho Mama alilia waziwazi, Dobi akamwambia aache, atalowesha blanketi, kisha yeye mwenyewe akatoka nje kwenda kuangalia kamba zisizokuwa na nguo.

"Sauti si nyembamba," Mama alimwambia aliporudi. "Ndiyo sauti niliyoolewa nayo."

*

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, mke wa Wakili alisimama mlangoni na mzigo uliofungwa ndani ya shuka. Alisema mzee amewajaribu madobi wawili, wa kwanza amemchomea kola, wa pili amemrudishia suruali ya mtu mnene. Akasema pia ameagizwa suti iwe juu, itangulie, maana ameivaa mahakamani siku tatu mfululizo kwenye joto hili na haikaribiki. Alipokwisha kusema akaaga, kwa haraka ya kawaida tu.

Dobi aliufungua mzigo mbele ya Mama. Jicho alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka studio, akaona baba yake ameinamisha uso ndani ya koti la kijivu.

"Njoo," alimwita. "Njoo unuse."

"Baba!"

"Nusa, nakwambia. Kwapa hilo. Ona viwiko. Ona hapa, wino. Huyu mtu amekaa, ameegemea, ameandika, ametoka jasho." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Ameivaa, mwanangu. Wakili ameivaa."

Kisha akafanya anachofanya dobi. Akakagua mifuko. Wa kushoto ulikuwa na ganda la peremende. Wa kulia, hakuna kitu. Wa ndani ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kwa kushikwashikwa, nayo alimkabidhi Jicho bila kuifungua, kwa kuwa aliijua. Ratiba ya mahafali. Jina la Jicho lilikuwa pale pale, na mistari yake miwili ya wino, ambayo baba yake aliichora akiwa kwenye kiti cha ukumbini ili asilikose likisomwa.

Jicho akaanza kulia. Alilia kwikwi, mpaka akachuchumaa chini ya meza ya pasi, kilio kilichozidi suti na kuzidi ratiba. Mama akasogea. Dobi akainua mkono amwache. Alimtazama bintiye jinsi anavyotazama nguo kabla ya kuigusa.

"Wewe umejibiwa," alisema.

Jicho akaitikia kwa kichwa.

"Wamekuchukua?"

Akaitikia tena.

"Lini?"

"Jumanne," alisema Jicho. "Nilishindwa kusema, Baba. Ningefurahije mbele yako na ile kulabu tupu? Nikasema nitangoja na furaha yako ije."

Mama alikaa juu ya mzigo wa Wakili, juu kabisa ya mashati, jambo lililokatazwa dukani humo tangu lilipofunguliwa. Alicheka na kulia kwa zamu, akawa anasema Jumanne, Jumanne, kama anayejifunza siku za wiki. Mabega ya Dobi yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa," alihesabu kwa vidole. "Furaha ya nyumba nzima umeivaa peke yako siku nne, hukuomba, hukuambia mtu. Halafu dobi ni mimi?"

Jicho akacheka huku kamasi zinamtoka. Ng'ambo ya barabara fundi viatu alisikia kelele, akasimama na kiatu mkononi, akauliza kwa sauti kama wamesema. Mama akamjibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba wamesema, na soli juu. Fundi akapiga kiatu makofi kwa nyundo.

Dobi aliitundika suti ya kijivu kwenye kulabu yake, na jasho lake hivyo hivyo, ikae japo mpaka kesho. Kisha akavuta bati la nyuzi toka chini ya meza, akatia uzi mweupe kwenye sindano kwa mara moja, akamnyooshea mkono bintiye.

"Lete koti lako," alisema.

"La nini, Baba? Ni safi."

"Najua ni safi." Akaigeuza kola, akatafuta mahali pasipoonekana. "Nguo inayotoka lazima iwe na alama. Bila alama itarudije?"